Nani Amefunga Mvua?

Mwezi wa kumi umefika. Mashamba yamekwisha kulimwa, mbegu za mahindi zimo vikapuni, majembe yameegemezwa ukutani, na mvua haiji. Mchana mawingu hupita juu ya kijiji, meupe kama pamba, na jua likishuka hutoweka yote. Siku nane zapita, siku kumi na tano, mwezi mzima. Ndipo maneno huanza, kwanza kisimani, kisha jikoni, kisha penye mtungi wa pombe: mvua imefungwa. Nani ameifunga? Siku ya kwanza hakuna atajaye jina. Siku ya tatu kila mtu analijua jina lisilotajwa. Labda ni mzee asiye na watoto. Labda ni mama mjane akaaye peke yake mwisho wa kijiji, ambaye macho yake yamekuwa mekundu, si kwa uchawi, bali kwa moshi wa mafiga aliyoyapulizia tangu ujana wake.

Mambo hayo si hadithi ya kuchekesha watoto. Katika nchi nyingi za Afrika wazee wamefukuzwa, nyumba zao zimechomwa moto, na wengine wameuawa, kwa sababu mvua ilichelewa. Tena si watu wa zamani tu wanong'onao hivyo. Hata kijana aliyekwisha kujifunza kusoma, shamba lake likikauka, masikio yake hufunguka upesi.

Basi yafaa kutafuta jibu kwa utaratibu. Katika swali lile moja yamo maswali mawili. La kwanza: kwa sababu gani mvua haikunyesha? La pili: ni nani mwenye hatia? La kwanza hujibiwa kwa macho, kwa vipimo na kwa subira. La pili hujibiwa kwa dhamiri. Wale wanaomnyoshea mjane kidole wamejibu la pili kabla hawajauliza la kwanza, na kufanya hivyo ni kumshuhudia jirani uongo. Lakini liko kosa jingine, nalo hupenda kukaa na watu waliosoma. Hao husema: hakuna awezaye kufunga mvua kwa dawa, kwa hiyo binadamu hana neno lo lote na mvua. Hilo nalo si kweli. Mikono ya watu hufika mpaka mawinguni, ingawa si kwa njia ile inayosimuliwa penye pombe.

Tazama kwanza jinsi mvua inavyozaliwa. Jua hupasha moto maji ya bahari, ya maziwa, ya mito, hata yale yaliyomo katika majani ya msitu. Maji hugeuka mvuke usioonekana, na mvuke hupanda pamoja na hewa. Huko juu kuna baridi. Mvuke ukipoa hutaka kurudi kuwa maji, kama ufanyavyo chini ya kifuniko cha chungu. Lakini chunguni kifuniko kipo cha kuupokea, na umande wa asubuhi nao una majani ya kukalia. Angani hakuna kifuniko wala majani. Mvuke utakaa juu ya nini?

Jibu lilipatikana Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1875 Mfaransa aliyeitwa Coulier aliona kwamba hewa iliyochujwa haifanyi ukungu kama hewa ya kawaida. Miaka michache baadaye John Aitken, mtu wa mji wa Falkirk huko Uskoti, alitwaa vyombo viwili vya kioo. Kimoja kilikuwa na hewa ya kawaida ya chumbani. Cha pili alikijaza hewa iliyopitishwa kwanza katika pamba, ili vumbi lake lote linaswe humo. Kisha akaingiza mvuke wa maji ya moto katika vyote viwili. Katika chombo cha kwanza ukungu mweupe ulijaa mara moja. Katika cha pili hakuna kilichoonekana. Hewa ilibaki wazi, kana kwamba mvuke haukuingia. Aitken akafahamu kwamba kila tone la ukungu na la wingu hujengwa juu ya chembe ndogo, na kwamba hewa ikikosa chembe kabisa, mawingu tunayoyajua hayafanyiki. Aliwaeleza wenye elimu wa Edinburgh jambo hilo mwaka 1880, na baadaye akatengeneza chombo cha kuhesabia chembe za hewa.

Kwa hiyo vumbi la angani si adui wa mvua. Chumvi inayorushwa na mawimbi, unga wa maua, mavumbi ya jangwa, moshi: vyote hivyo huupa mvuke mahali pa kukaa. Tena vumbi lina kazi nyingine njema. Upepo huchukua mavumbi kutoka bonde la Bodélé nchini Chad, ambapo zamani palikuwa na ziwa kubwa, huyavusha bahari ya Atlantiki mpaka msitu wa Amazon huko Amerika ya Kusini, na ndani ya mavumbi hayo mna fosfori inayolisha miti. Mtu apendaye kulaani vumbi akumbuke hayo.

Shida huanza chembe zikizidi. Fikiri mwenye nyumba aliyepika ugali wa watu kumi. Wakija kumi, kila mmoja atakula na kupata nguvu za kwenda safari yake. Wakija elfu, kila mmoja atapata tonge dogo kama punje, na hakuna atakayeshiba. Mvuke wa wingu ndio ugali. Chembe ndizo wageni. Tone la wingu ni dogo mno: upana wake ni kama sehemu moja ya hamsini ya milimita, na yatakiwa matone ya namna hiyo karibu milioni moja kufanya tone moja la mvua. Chembe zikiwa chache, matone hukua, hugongana, huungana, hushuka. Chembe zikizidi, maji yale yale hugawanyika katika matone mengi madogo yanayoelea tu wala hayaungani upesi. Wingu hilo huwa jeupe kuliko kawaida, hurudisha juu sehemu kubwa zaidi ya nuru ya jua, na huchelewa kunyesha. Pengine hukauka lisinyeshe kabisa. Mwaka 1999 Daniel Rosenfeld, mwalimu wa chuo kikuu huko Yerusalemu, alieleza yale yaliyoonekana kwa chombo kinachozunguka dunia juu ya kisiwa cha Borneo, upande wa Indonesia. Mawingu yaliyoingiwa na moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua hayakutoa mvua. Mawingu ya jirani yasiyo na moshi yalinyesha.

Masizi meusi yana tabia nyingine. Hayarudishi nuru, bali huinywa. Hewa yenye masizi hupata joto kule juu, na ardhi iliyo chini hukaa kivulini. Kwa hiyo hewa ya chini haipandi kwa nguvu, na hewa isiyopanda haizai wingu. Hata hivyo asidhani mtu kwamba hesabu ya mambo haya ni nyepesi. Katika mawingu marefu ya radi moshi waweza kuichelewesha mvua, kisha ikaanguka kwa kishindo kikubwa; juu ya jambo hilo wenye elimu wangali wakipima na kubishana. Na mvua ikichelewa kijijini mwaka mmoja, sababu zake huwa nyingi, hasa joto la bahari na mwendo wa pepo, mambo ambayo jirani hana mkono ndani yake.

Sasa na lije shauri lenyewe, nalo ni shauri la kweli lililowapata mamilioni ya watu.

Kusini mwa jangwa la Sahara kuna ukanda wa nchi uitwao Sahel. Huanza Senegal na Mauritania, hupita Mali, Burkina Faso na Niger, hufika Chad na Sudan. Watu wake ni wakulima wa mtama na uwele, na wachungaji wa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Katika miaka ya 1950 mvua zao zilikuwa njema. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 zilipungua, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1972 na 1973 njaa ilikuwa kali. Makundi ya ng'ombe yalikufa penye visima vilivyokauka, na watu wengi sana walikufa au kukimbilia mijini. Mwaka 1983 na 1984 msiba ukarudi tena.

Nani alifunga mvua ya Sahel? Huko nako jina lilitafutwa, si na waganga bali na watu wa vitabu, nalo likapatikana upesi: mchungaji. Ilisemwa kwamba mifugo yake ni mingi kupita kiasi, mbuzi wake wamekula majani yote, naye amekata miti na kuiacha nchi uchi. Mwaka 1975 Jule Charney, Mmarekani mwenye sifa kubwa katika elimu ya hewa, alieleza jinsi jambo hilo liwezavyo kutokea: ardhi iliyovuliwa majani hung'aa, hurudisha nuru ya jua, hewa iliyo juu yake hupoa na kushuka, na hewa inayoshuka haizai wingu. Hoja yake ilikuwa ya akili, wala haikuwa uongo. Lakini wengi waliichukua kama hukumu iliyokwisha kukatwa. Mchungaji aliyepoteza ng'ombe wake wote akahesabiwa kuwa ndiye aliyejiletea msiba.

Miaka ilipita. Mashine za kufanya hesabu zikapata nguvu zaidi, na vipimo vya bahari vikakusanywa. Mwaka 2002 Leon Rotstayn na Ulrike Lohmann walionyesha kwa mashine hizo jambo ambalo wachache walikuwa wamelifikiria. Baada ya vita ya 1939 hadi 1945, viwanda vya Ulaya na vya Amerika ya Kaskazini vilichoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi sana. Ndani ya makaa na mafuta hayo mna salfa. Salfa ikiungua hutoka pamoja na moshi, na angani hugeuka chembe ndogo zinazorudisha nuru. Chembe hizo, pamoja na mawingu yaliyofanywa meupe nazo, ziliinyima jua bahari ya Atlantiki upande wa kaskazini, ikapoa kuliko upande wa kusini. Ukanda wa mvua za nchi za joto hufuata upande wenye joto zaidi. Basi ukavutwa kusini, na Sahel ikabaki nje yake. Mwaka 2003 wenye elimu wengine walithibitisha kwamba mvua ya Sahel ilifuata hasa joto la bahari, hata bahari za mbali.

Si kwamba moshi ule ulifanya yote. Bahari ina mabadiliko yake yenyewe, na mbuzi nao walikula majani. Lakini kati ya wote waliokuwa na sehemu katika msiba ule, mmoja hakuitwa barazani: bomba la moshi lililosimama maelfu ya kilomita kutoka Niger.

Jinsi mvua zilivyorudi nako kwastahili kufikiriwa sana. Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa kwa siku 5 na ukungu mzito wa moshi. Hesabu ya kwanza ilisema watu 4,000 walikufa; hesabu za baadaye zilifika 12,000. Sheria ya kuzuia moshi ikatungwa mwaka 1956. Marekani ilitunga sheria kali mwaka 1970. Mwaka 1979 nchi za Ulaya, pamoja na Marekani na Kanada, zilipatana huko Geneva juu ya moshi unaovuka mipaka, maana mvua yenye ukali wa asidi ilikuwa ikiwaua samaki katika maziwa ya Sweden na Norway. Salfa ikapungua. Tangu miaka ya 1990 mvua ya Sahel ilianza kurudi, ingawa si kwa kiasi cha zamani. Mapatano yale hayakufanywa kwa ajili ya mchungaji wa Niger. Yalifanywa kwa ajili ya mapafu ya watu wa mijini na kwa ajili ya samaki wa kaskazini. Walimdhuru bila kumjua, wakamsaidia bila kumjua.

Je, walikuwa na hatia? Hapa dhamiri haina budi kwenda polepole. Ili mtu ahesabiwe kosa kwa madhara, hutazamwa kama tendo lake ndilo lililoyaleta, kama alijua au angeweza kujua, na kama alikuwa na njia nyingine. Mwenye kiwanda wa mwaka 1955 alikuwa na sehemu katika madhara ya Sahel. Lakini hakuyajua, wala hakuwapo mtu wa kumwambia. Kwa madhara hayo moyo wake hauna hatia. Je, ana deni? Hilo ni neno jingine. Mbuzi wa mtu akikata kamba usiku, mwenyewe amelala, akala mihogo ya jirani, wazee hawamwiti mwenye mbuzi mwizi. Lakini humwambia alipe mihogo. Kutokujua humwondolea mtu aibu, ila hakujazi ghala la aliyeharibiwa.

Tena kutokujua kwenyewe kuna kipimo chake. Mwenye kiwanda hakujua habari za Niger, lakini moshi ule ule ulikuwa ukiwaua jirani zake mwenyewe, mchana, mbele ya macho yake. Aliyeendelea kuutoa baada ya Desemba 1952 hawezi kusema hakujua kwamba moshi ni mbaya. Asichokijua kilikuwa urefu wa mkono wake. Na anayechoma leo, baada ya mambo yote hayo kuandikwa, huchoma akiwa na habari. Ndiyo maana mzigo wa mwenye viwanda na wa serikali yake ni mzito mara nyingi kupita mzigo wa mtu wa kijiji: anajua zaidi, anachoma zaidi, na njia nyingine anazo.

Lakini msomaji wa Kongo asifurahi upesi kwamba habari hii ni ya watu wa mbali. Kila mwaka, tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa, vyombo vinavyozunguka dunia huona mioto kwa maelfu katika nyika za kusini mwa Kongo, za Angola na za Zambia. Ukijumlisha nchi zote zinazoungua duniani kwa mwaka, zaidi ya nusu yake imo Afrika. Moshi wa Katanga na wa Kasai haukai Katanga wala Kasai. Pepo huusukuma upande wa magharibi, juu ya Angola, mpaka baharini, ambako hutanda penye mawingu mapana yaliyolala mbele ya pwani ya Angola na Namibia. Kati ya mwaka 2016 na 2018 Wamarekani walipeleka ndege kuupima, kwanza kutoka Walvis Bay nchini Namibia, kisha kutoka kisiwa cha São Tomé. Mahali pengine moshi hukaa juu ya mawingu na kuipasha hewa joto; mahali pengine huingia ndani ya mawingu na kuyabadilisha. Mkulima aliyewasha nyika karibu na mto Lualaba ameyagusa mawingu ya bahari ambayo hatayaona kamwe.

Kwa nini watu huchoma? Wengine hukata matawi, huyakusanya na kuyachoma, ili majivu yakuze ulezi. Wengine huchoma ili majani mapya yachipuke kwa mifugo, au ili panya wa nyika watoke na kukamatwa, au ili njia iwe wazi na nyoka waonekane. Na wengine, yapasa kusema kweli, huchoma bila sababu: kijana anapita njiani na kiberiti, majani ni makavu, moto ni mzuri kutazama. Mioto hiyo haina uzito mmoja mbele ya dhamiri. Mama anayechoma shamba la kulisha watoto wake, naye amefyeka kandokando moto usitoke, hana la kushtakiwa. Mtu aliyeunguza vilima vitatu ili apate panya sita ana neno la kujibu.

Naye atajibu, bila shaka, kwamba moto wake ni mdogo. Basi tuseme mzee mmoja ana ghala la mahindi kando ya njia, na siku ya soko watu mia mbili wanapita. Kila mmoja anatwaa konzi moja. Jioni ghala ni tupu. Mzee akiwashika mmoja mmoja, kila mtu atasema: konzi moja haileti njaa. Asema kweli. Hakuna konzi hata moja iliyoleta njaa, na njaa ipo. Kosa la kila mmoja haliko katika ukubwa wa konzi yake. Liko katika kutia mkono ghalani akijua kwamba wote wanautia.

Mwingine atasema: wenye viwanda huchoma zaidi. Ni kweli, na tofauti ni kubwa kuliko anavyodhani. Majani ya nyika yakiungua, mvua ikija huota tena, na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyotoka hurudi ndani ya majani mapya. Makaa ya mawe hayaoti tena. Chembe za moshi hukaa angani siku chache, labda juma moja au mawili, kisha huanguka. Hewa ya ukaa inayotoka katika makaa ya mawe huongeza joto la dunia kwa karne nyingi. Kwa hiyo mtu wa kijiji ana haki ya kudai, wala asinyamazishwe. Lakini deni la jirani, hata likiwa kubwa namna gani, halifuti deni la mtu mwenyewe.

Ipo hoja ya tatu, nayo ni ya werevu: kama chembe huipoza dunia, si afadhali zibaki? Ni kweli kwamba huificha sehemu ya joto. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, dunia ilipoa karibu nusu digri katika mwaka uliofuata. Tangu tarehe 1 Januari 2020 meli za baharini zimeamriwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi 0.5 kwa mia, badala ya 3.5, isipokuwa zile zenye mitambo ya kuosha moshi, na ile mistari meupe ya mawingu iliyozifuata njiani imepungua. Kivuli chake nacho kimepungua. Mwaka 2006 Paul Crutzen, aliyepata tuzo ya Nobel, aliandika juu ya shauri la kupeleka salfa juu kabisa angani kwa makusudi. Yeye mwenyewe alitamani lisihitajiwe kamwe, na alikuwa na haki. Nani atamwuliza mchungaji wa Niger kabla ya kuusukuma ukanda wa mvua mara ya pili, safari hii kwa kujua?

Kijijini mambo ni rahisi zaidi. Huko Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Katanga, mwaka 1933 walianza kuchoma vipande vya msitu kila mwaka kwa nyakati mbalimbali: kimoja mapema katika kiangazi, kimoja mwishoni, kingine hakikuchomwa. Palipochomwa mwishoni, moto mkali uliua miti, na majani marefu yakatawala. Palipochomwa mapema, miti ilidumu. Moto wa mapema hukuta majani yenye ubichi. Huenda polepole na kuzimika kwa umande wa usiku. Majani mabichi hutoa moshi mzito, hilo halikataliki, lakini yanayoungua ni machache. Kufyeka njia ya kuzuia moto, kungoja upepo utulie, kuwaita jirani kabla ya kuwasha: hayo wazee waliyajua kabla ya mtu ye yote kuyapima.

Na yule mjane mwenye macho mekundu? Hatari yake haijakwisha, maana watu ni wepesi kubadili neno bila kubadili moyo. Yaweza kutokea kwamba mtu asome habari hizi, kisha aende barazani na kusema: si uchawi, ni moshi, na moshi uliofunga mvua yetu ni wa fulani. Huyo hajajifunza kitu. Hakuna awezaye kufuata chembe za moto mmoja mpaka wingu lililokataa kunyesha, wala wenye vyombo vyote vya kupimia. Mtu akiunguza shamba la mwenzake, aitwe kwa ajili ya shamba hilo, kwa mashahidi walioona. Kwa ajili ya mvua asiitwe mtu, wala mwenye moto wala mjane.

Kwake huyo mjane liko jambo jingine la kutazama. Jiko lake ni mafiga matatu katika chumba kisicho na dirisha, na moshi wake hauna pa kutokea. Vijana wawili waliokuwa wakinong'ona kisimani waweza kumchukulia udongo, kumfinyangia jiko lenye bomba, na kutoboa ukuta. Kazi hiyo huchukua siku mbili, na kabla ya mvua udongo hukauka vizuri.